Nikikandamiza sikio, chumba kinazunguka

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mshonaji, nina miaka 36, naishi Tanga. Sikio langu la kushoto linatoa usaha tangu nikiwa darasa la tatu, linakauka, linarudi. Miaka hii miwili usaha umepungua lakini una harufu mbaya. Kwa miezi minne sasa napata kizunguzungu. Kinanishika nikioga maji ya baridi yakaingia sikioni, na kinanishika vibaya zaidi nikikandamiza sikio wakati wa kujifuta: cherehani, dirisha, kila kitu kinakwenda upande mmoja, halafu kinatulia. Nimepimwa presha mara tatu, iko sawa. Malaria hakuna. Nimepewa vidonge vya kizunguzungu, na kwenye duka la dawa wameniuzia matone ya gentamisini. Niko chupa ya tatu. Mdogo wangu kanitumia video ya mazoezi ya kulala na kugeuza kichwa. Mama mkwe anasema nisithubutu kupasuliwa sikio, uso utapinda. Je, sikio linaweza kweli kuleta kizunguzungu, au natafuta ugonjwa mahali usipokuwepo?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ndiyo, sikio linaweza kuleta kizunguzungu, na kwa ulivyoeleza nadhani ndilo linalokuletea. Jina la ugonjwa silitoi kwa barua, maana sijalichungulia sikio lenyewe. Lakini katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo mgonjwa akilitamka kliniki huwa naacha kuandika nimsikilize: chumba kinazunguka akikandamiza sikio. Kwa hilo tu nataka ukutane na daktari wa masikio, pua na koo ndani ya siku chache hizi, kabla ya chupa ya nne.

Nianze na presha, kwa kuwa ndiko ulikopelekwa. Kwetu mtu akisema kizunguzungu, kinachofuata ni mashine ya presha mkononi na tone la damu kutoka kidoleni. Si vibaya, vipimo hivyo ni vya bei ndogo na wakati mwingine vinapatia. Shida iko kwenye neno. Kizunguzungu tunakisema kwa anayeinuka ghafla akaona giza, kwa aliyeshinda njaa akahisi kichwa chepesi, kwa mjamzito aliyepungukiwa damu, na kwa mtu kama wewe anayeona dirisha likitembea. Hao watatu wa mwanzo ubongo wao unakosa damu ya kutosha, au sukari, au nguvu iliyomo katika damu. Wewe shida yako ni ya mizani, na chombo kikuu cha mizani ya mwili kimo sikioni. Kwa hiyo ukifika hospitali usiseme "nina kizunguzungu" ukanyamaza. Sema vitu vinazunguka, vinakwenda upande gani, vinaanza ukifanya nini, vinakoma baada ya muda gani. Maneno hayo yatamsaidia daktari kuliko presha ya mara ya nne.

Na usidhani ni sisi tu tuliochelewa. Huko Paris, hadi katikati ya karne ya 19, mtu akianguka kwa kizunguzungu huku sikio likivuma aliambiwa damu imejaa kichwani, akatolewa damu au kuwekewa ruba. Januari 1861 Prosper Menière, daktari wa taasisi ya viziwi ya mji huo, alisimama mbele ya akademia ya tiba akasema baadhi ya watu hao hawana ugonjwa wa ubongo hata kidogo; kilichoharibika ni sikio la ndani. Wenzake hawakumshangilia, naye alifariki mwaka uliofuata. Leo ugonjwa mmoja wa sikio la ndani unaitwa kwa jina lake, ingawa wewe sidhani kama unao: wenye ugonjwa wa Menière hawatoi usaha, na kizunguzungu chao hukaa kuanzia dakika 20 hadi saa kadhaa.

Sasa tuingie ndani. Tundu unaloweza kutia kidole ni sikio la nje, nalo linaishia kwenye kiwambo. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, ndilo sikio la kati, mlimo vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita 3 hivi, na hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Usaha wako unatoka katika chumba hicho. Ukuta wake wa ndani ni mfupa, na ng'ambo ya ukuta ndiko liliko sikio la ndani, lililojaa majimaji: upande mmoja koklea iliyojiviringa kama konokono, ya kusikia, upande wa pili mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, ya mizani. Ukigeuza kichwa, majimaji ya mifereji yanachelewa kidogo kufuata, kama maji ya beseni ulilolizungusha ghafla, na kule kuchelewa kunainamisha vinyweleo ambavyo kazi yake ni kuuarifu ubongo kichwa kimegeukia wapi na kwa kasi gani. Ubongo nao unayaamuru macho yageuke kinyume, ili unachokitazama kisikupotee.

Mmoja kati ya mifereji hiyo nitauita mfereji uliolala, kwa kuwa ukisimama wima wenyewe unakaribia kulala sambamba na ardhi. Kesi yako inauhusu huo. Umetokeza kwenye ukuta wa sikio la kati kama mshipa unavyotokeza mgongoni mwa kiganja, umefunikwa na gamba jembamba la mfupa, na chini yake tu unapita mshipa wa fahamu wa uso. Maji ya bafuni, kidole chako, usaha na hofu ya mama mkwe, vyote vinakutana hapo, mahali pasipozidi ukubwa wa punje chache za mchele.

Maji kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika kliniki ya masikio ya Vienna, kijana Robert Bárány alikuwa na kazi isiyo na sifa yoyote: kuosha masikio ya wagonjwa kwa bomba la maji. Baadhi yao walilalamika kizunguzungu, na aliyewatazama machoni aliona macho yanachezacheza, yanakwenda polepole upande mmoja na kuruka kurudi. Mgonjwa mmoja akamwambia kwamba yeye huzungukwa tu maji yasipokuwa na joto la kutosha. Akijiosha nyumbani kwa maji ya uvuguvugu hapati kitu. Bárány akamwita muuguzi alete maji ya moto zaidi. Yakaja ya moto kupita kiasi, mgonjwa akazungukwa tena, lakini safari hii macho yakaruka upande wa pili. Hapo ndipo Bárány alipopata wazo lake. Maji ya baridi yakifika karibu na mfereji uliolala, majimaji ya upande huo yanapoa, yanakuwa mazito na kushuka. Ya moto yanayafanya yapande. Ubongo unapokea habari kwamba kichwa kinageuka, ilhali mtu amekaa kitini ametulia.

Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1914, na habari zikamkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi. Aliachiwa mwaka 1916 baada ya Mwanamfalme Carl wa Uswidi kumwombea. Maelezo yake hayakuwa kamili. Mwaka 1983 wanaanga wa Spacelab walirudia jaribio hilo angani, mahali ambapo kizito hakishuki wala chepesi hakipandi, na macho bado yakachezacheza. Kwa hiyo joto na baridi vina njia nyingine pia ya kuuchokoza mfereji. Lakini kipimo kimebaki, na mpaka leo tunatia maji au hewa ya joto na baridi sikioni kujua kama mizani ya upande huo ingali hai.

Kwa hiyo kile kinachokutokea bafuni ni kipimo cha Bárány unachojifanyia bila kujua. Wanaozamia pweza na majongoo watakwambia kwamba hata sikio zima likiingiwa na maji ya baridi upande mmoja, bahari hupinduka kidogo. Wewe kiwambo chako kina tundu, maji yanapita moja kwa moja hadi ukutani. Jambo hilo peke yake halinitii hofu. Linaniambia kwanza kwamba tundu lipo, na pili, cha kufurahisha, kwamba mizani ya sikio la kushoto bado inafanya kazi. Kilichokufa hakizungukwi na maji.

Kidole ndicho kinachonitia hofu.

Mwaka 1892, mjini Strasbourg, mtafiti aitwaye Ewald alitoboa mfereji wa sikio la njiwa, akaunganisha tundu hilo na kifaa kidogo cha kusukuma kwa hewa. Akisukuma, majimaji yanakwenda upande mmoja, na kichwa na macho ya njiwa vinafuata. Akiachia, vinarudi. Kwa jaribio hilo ilionekana wazi kwamba mwendo wa majimaji ndani ya mfereji ndio unaoamuru macho. Ila ili jaribio liwezekane ilimbidi kwanza atoboe mfupa. Mfereji uliofungwa vizuri ndani ya mfupa wake haujali ukikandamiza sikio kwa nje. Msukumo wa hewa haufiki kwenye majimaji. Ukiona kukandamiza kunakuzungusha, swali la kwanza la daktari ni kama gamba la mfupa juu ya mfereji uliolala limelika, pakabaki ngozi tu kati ya chumba cha usaha na majimaji ya mizani. Tundu hilo tunaliita fistula. Unalijua neno kwa ugonjwa wa kina mama baada ya uzazi mgumu. Maana ni ileile, njia mahali pasipotakiwa njia. Kliniki daktari atakupulizia hewa sikioni kwa mpira mdogo huku akiyatazama macho yako, na macho yatajibu. Wapo wachache wanaozungukwa kwa kukandamizwa bila kuwa na usaha: mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliwaeleza wagonjwa ambao mfupa ulikosekana juu ya mfereji mwingine, ule wa juu, na baadhi yao walizungushwa hata na sauti kubwa. Lakini kwa mwenye usaha wa miaka zaidi ya 25 na harufu, mimi ningeanzia palipo karibu.

Ni nini kinachokula mfupa? Usaha wa kawaida wa kiwambo kilichotoboka, hata ukitoka miaka mingi, mara nyingi haumzungushi mtu. Unampunguzia kusikia, unamwaibisha mbele za watu, lakini dunia yake inabaki imesimama. Kinachokula zaidi ni kolesteatoma. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838, na ni jina baya, maana kitu chenyewe si uvimbe wa saratani wala hakikutengenezwa na kolesteroli. Ni ngozi, ngozi hii hii, iliyoingia sikio la kati isikotakiwa. Mrija unaoleta hewa kutoka nyuma ya pua ukiziba kwa miaka, kiwambo kinavutwa ndani na kufanya mfuko, kama kitambaa kinavyovutwa chini ya mguu wa cherehani. Ngozi ya ndani ya mfuko inaendelea kujibambua kila siku kama ngozi yoyote, lakini uchafu wake hauna pa kutokea. Unajaa, unaoza, unanuka, na kuta zake zinatoa kemikali zinazoyeyusha mfupa. Kwa kawaida fuawe inatangulia kulika, na kusikia kunashuka. Baadaye inafuata ile sehemu iliyotokeza ukutani. Ndiyo maana katika fistula zinazoletwa na kolesteatoma mfereji uliolala ndio unaoongoza kutobolewa, ukiiacha mbali mifereji mingine miwili.

Usaha kidogo wenye harufu mbaya ni dalili yake ya kitabuni. Usaha mwingi usionuka sana ndio wa kiwambo kilichotoboka tu. Wagonjwa wengi hufikiria kinyume. Usaha ukipungua wanajua wanapona, wanaacha kuja.

Sasa chupa zako. Matone ya gentamisini yanauzwa kila kona kwa bei nafuu, na muuzaji aliyekupa hakuwa na nia mbaya. Yameandikwa jicho na sikio. Lakini gentamisini ni ya ukoo mmoja na streptomaisini, na ukoo huo una tabia ya kuua vinyweleo vya sikio la ndani. Iligundulika mapema, wagonjwa wa kwanza wa kifua kikuu walipochomwa streptomaisini katika miaka ya 1940: kifua kilipona, wengine hawakuweza kutembea gizani. Mwaka 1952 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha maelezo ya daktari mmoja aliyetibiwa kwa dawa hiyo, akajitambulisha kwa herufi J.C. tu. Anaeleza kwamba ili asome kitandani ilimlazimu kubana kichwa kati ya vyuma viwili vya kitanda, kwa sababu hata pigo la moyo lilitosha kuzirusha herufi kwenye ukurasa. Nimesoma makala nyingi za utafiti wa mizani; hiyo ya mgonjwa mmoja ndiyo ninayowapa wanafunzi kwanza.

Baadaye waganga waliitumia sumu hiyo kwa makusudi. Mwaka 1957 Harold Schuknecht alieleza jinsi alivyotia streptomaisini kupitia kiwambo kwa wagonjwa wa Menière walioshindwa kuishi, ili aiue mizani ya sikio lile bovu liache kuwasumbua. Leo kazi hiyo inafanywa kwa gentamisini, dawa ileile ya chupa yako, kwa sindano na kwa hesabu. Mwaka 1999 madaktari wa Toronto walieleza wagonjwa 16 walioharibikiwa na mizani baada ya kutumia matone yenye gentamisini. Niwe mkweli: wengi wanaoyatumia siku chache hawapati madhara, kwa sababu sikio lililovimba linakuwa na utando mnene unaoizuia dawa kupenya. Hatari iko kwa anayeendelea wiki baada ya wiki, na zaidi kwa ambaye mfupa wake huenda umetoboka. Wewe una yote mawili. Acha matone hayo leo.

Uzuri ni kwamba katika swali la dawa ipi inakausha usaha, utafiti haukutoka mbali. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la watoto 524 wa shule za msingi za Kiambu, Kenya, wote wenye masikio ya usaha. Kundi moja lilikaushwa masikio kwa utambi peke yake, kundi la pili likakaushwa na kupewa antibaiotiki za kumeza na matone, la tatu likasubiri. Baada ya wiki 16 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Kwa waliokaushwa tu, asilimia 22. Kwa waliosubiri, asilimia 22 vilevile. Yaani utambi, ambao vituo vya afya vilikuwa vikiutegemea, peke yake haukutofautiana na kukaa bure. Mwaka 2005 likafuata jaribio jingine la Kenya, watoto 427: matone ya siprofloksasini dhidi ya asidi ya boriki kwenye spiriti. Baada ya wiki mbili waliokauka walikuwa asilimia 59 kwa 32. Siprofloksasini haina ile tabia ya kuua vinyweleo, nayo inapatikana hata wilayani. Ukipewa matone tena, hilo ndilo jina la kuuliza, au ofloksasini, ndugu yake. Lakini majaribio hayo yalihusu usaha wa tundu la kawaida. Kolesteatoma haiponi kwa matone yoyote; yatapunguza harufu, ngozi itabaki inakula.

Ile video ya mdogo wako ni nzuri, ila ni ya ugonjwa mwingine. Ndani ya sikio la ndani kuna punje za chokaa, ndogo kama vumbi, ambazo kwa watu wengine hung'oka na kutumbukia kwenye mfereji. Mtu akigeuka kitandani, chumba kinamzunguka kwa nusu dakika hivi. John Epley wa Portland, Marekani, alibuni namna ya kuzungusha kichwa hatua kwa hatua ili punje zirudi zilikotoka, na makala yake ya mwaka 1992 iliwapa madaktari tiba isiyo na dawa wala kisu. Inafanya kazi vizuri sana, kwa wenye punje. Wewe hukusema kwamba kugeuka kitandani kunakuzungusha. Usijipindue bure.

Mama mkwe. Kwa heshima zote, ana sehemu ya ukweli, na asidharauliwe. Mshipa wa fahamu wa uso unapita chini ya mfereji uliolala, na mpasuaji anayesafisha sikio hilo anafanya kazi milimita chache kutoka hapo. Ajali hutokea. Kwa mpasuaji aliyezoea, anayetumia hadubini, ni nadra, na hospitali nyingine zina mashine inayolia mshipa ukiguswa. Ila hajakwambia upande wa pili: uso unapinda pia kwa wasiopasuliwa, kwa sababu kolesteatoma inayokula gamba la mfereji inaweza kula gamba la mshipa ulio chini yake. Muulize mpasuaji moja kwa moja amefanya ngapi, na kama ameshawahi kukuta fistula. Asikasirike; akikasirika umepata jibu.

Kabla ya hapo utasafishwa sikio chini ya hadubini, utapimwa kusikia, na utapigwa picha ya CT ya mfupa wa sikio, ambayo mara nyingi huonyesha mahali gamba lilipolika. Upasuaji unafungua mfupa wa nyuma ya sikio na kuondoa ngozi yote. Lengo la kwanza ni sikio kavu na salama. Kusikia ni la pili, na wakati mwingine kunashughulikiwa katika operesheni nyingine. Juu ya fistula yenyewe wapasuaji wamebishana miaka mingi. Wengine huacha kipande cha ngozi kilichoziba tundu, wakiogopa kwamba kukibandua kutaliua sikio la ndani. Wengine hukibandua taratibu mwishoni kabisa na kuziba papo hapo kwa utando wa msuli na unga wa mfupa. Mimi niko na hao wa pili tundu likiwa dogo, lakini matokeo mazuri yapo pande zote mbili, na sikio la upande wa pili likiwa zima mpasuaji anapata nafasi zaidi ya kuthubutu. Uwezekano wa kupoteza kusikia kwa sikio hilo upo, uambiwe kabla ya kusaini.

Vidonge vya kizunguzungu, ambavyo nakisia ni sinarizini au proklopirazini, ni vya siku mbili tatu za kutapika. Vikiendelezwa vinaulaza ubongo wakati unaotakiwa ujifunze. Mizani ya upande mmoja ikipungua, ubongo una uwezo wa kujipanga upya kwa kutegemea macho, miguu na sikio la pili, lakini unajipanga kwa kutumiwa. Katika miaka ya 1940, Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwaandalia wagonjwa mazoezi ya macho, shingo na kutembea, na hadi leo ndiyo msingi wa tunachofundisha baada ya upasuaji. Kwa wazee vidonge hivyo vina kasoro nyingine: vikitumiwa miezi huweza kuleta kutetemeka na kukakamaa.

Nikumbuke pia watoto, maana barua za kina mama ni nyingi. Mtoto anayejikwaa kila mara na kuitwa mzembe huenda ana maji nyuma ya kiwambo, bila usaha, bila maumivu. Margaretha Casselbrant na wenzake wa Pittsburgh waliwapima watoto wa namna hiyo wakaona wanayumba kuliko wenzao. Ukiwa naye nyumbani, apimwe kusikia.

Mpaka siku ya daktari, oga maji ya uvuguvugu, na kabla ya kuoga ziba sikio kwa pamba uliyoipaka mafuta mazito ya mgando. Futa nje tu. Usirudie kulikandamiza ili kuona kama bado linazungusha, tunakuamini. Piga chafya mdomo wazi, penga pua kwa upole. Usipande ngazi wala kiti kufuata vitambaa vya juu.

Usingoje miadi hata saa moja ukipata homa na kichwa kikali, shingo ngumu, kutapika kusikokoma, usingizi usio wa kawaida, uvimbe nyuma ya sikio, uso kulegea, au sikio kuzima ghafla. Hapo usaha unaweza kuwa umevuka kuingia sikio la ndani au kichwani, na hiyo ni hospitali usiku huohuo. Ulimi ukiwa mzito, ukiona vitu viwili viwili au mkono ukikosa nguvu pamoja na kizunguzungu, fikirieni kiharusi, mwendo uwe huohuo.

Chukua chupa zote tatu, hata tupu, daktari asome kilichoandikwa. Waambie kabla ya kuanza kwamba ukikandamizwa unazungukwa, ili mashine ya kunyonya usaha waiendeshe taratibu, kwa sababu hata hewa yake ya baridi itakuzungusha kama maji ya Bárány. Na usiende peke yako. Kutoka hapo hadi kituo cha daladala utahitaji mtu wa kukushika mkono, na ingefaa awe mama mkwe mwenyewe, ili swali la uso amuulize mpasuaji yeye.